Muckross: Wenye Hati na Wenye Makaburi

Mwaka 1697 Bunge la Ayalandi, lililokuwa likikutana Dublin huku Wakatoliki wakiwa wamefungiwa nje, lilipitisha sheria ya kuwafukuza nchini maaskofu na watawa wa Kikatoliki. Katikati ya vifungu vyake kulikuwa na kimoja ambacho msomaji mwenye haraka angekiruka: ni marufuku kuzika maiti katika magofu ya nyumba za watawa zilizofutwa, na atakayekaidi atatozwa faini ya pauni 10. Kwa mkulima wa wilaya ya Kerry aliyekuwa akilima ardhi ya kukodi, pauni 10 zilikuwa fedha za kumfilisi. Watunga sheria walijua walichokuwa wakikifanya. Mtu anaweza kunyang'anywa shamba, ngome na hata kanisa, lakini maadamu anaendelea kuwalaza wafu wake pale walipolazwa babu zake, dai lake halijafa.

Sheria hiyo haikufua dafu. Kusini-magharibi mwa Ayalandi, kando ya maziwa ya Killarney, watu waliendelea kubeba majeneza yao hadi kwenye gofu la Muckross kizazi baada ya kizazi. Ardhi iliyolizunguka ilipita mikononi mwa machifu wa Kigaeli, makabaila wenye asili ya Wales, tajiri wa bia na tajiri wa dhahabu, na kila mmoja alikuja na hati yake. Historia ya eneo hili huandikwa zaidi kwa kufuata hati hizo. Mimi naona haieleweki bila kuyafuata makaburi pia.

Muckross ni rasi ya mawe ya chokaa iliyojipenyeza kati ya maziwa mawili, Lough Leane upande wa kaskazini na ziwa la Muckross upande wa kusini. Nyuma yake imesimama milima ya Torc na Mangerton, ambayo huzinasa mvua za Atlantiki na kuufanya ukanda mzima kuwa wa kijani mwaka mzima. Watu waliugundua utajiri wake mapema mno. Kwenye kisiwa cha Ross, hatua chache kuvuka maji, wachimbaji walikuwa wakitoa shaba miaka 2,400 hivi kabla ya Kristo, na huo ndio mgodi wa shaba wa zamani zaidi unaojulikana Ayalandi. Kwenye kisiwa kingine, Innisfallen, watawa waliishi tangu karne ya 7, na huko ziliandikwa kumbukumbu za matukio ya nchi ambazo leo zimehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Zimehifadhiwa vizuri, lakini ziko ng'ambo ya bahari.

Mwaka 1448 Donal MacCarthy Mór, mkuu wa ukoo uliotokana na wafalme wa Desmond, aliwapa Wafransisko ardhi ya kujenga nyumba yao Muckross. Watu wote huiita abasia, ingawa haikuwahi kuwa na abati; ilikuwa makao ya ndugu Wafransisko wa lile tawi lililotaka kurudi kwenye ufukara alioufundisha Fransisko wa Asizi. Ujenzi ulichukua miaka mingi, na alama zake bado zinaonekana ukutani. Ua wa ndani umezungukwa na ujia wenye matao ya mawe, ila matao hayo hayafanani: pande mbili yamechongoka kwa juu, pande mbili ni ya mviringo. Ghorofani, juu ya ujia huo, ndipo palipokuwa na bweni la ndugu, jiko na chumba cha kulia. Kanisa lenyewe lina mnara wa katikati ulio mpana sawasawa na jengo lote, jambo lisiloonekana katika kanisa jingine lolote la Wafransisko nchini humo. Paa limekwenda, lakini kuta zimesimama karibu zote, kiasi kwamba mgeni anaweza kufuata siku ya mtawa chumba kwa chumba tangu kuamka hadi kulala.

Katikati ya ua umeota mti mmoja mkubwa wa yuu, aina ya mti wenye majani membamba kama sindano ambayo hayapukutiki wakati wa baridi. Shina lake limesokoteka kama kamba ya nanga, na matawi yake yamefunika ua wote. Mapokeo yanasema umri wake ni sawa na wa nyumba yenyewe, na kwamba atakayeukata hatamaliza mwaka. Majani ya yuu ni sumu kwa ng'ombe, kwa hiyo mahali pake palikuwa ndani ya kuta, mbali na mifugo. Na kwenye rasi hiyohiyo, juu ya mawe matupu ya chokaa, umesimama msitu mzima wa miti hiyo, uitwao Reenadinna. Misitu ya yuu tupu iliyobaki Ulaya ni ya kuhesabu kwa vidole.

Mfalme Henry VIII alipoamuru nyumba za watawa zifutwe, kati ya mwaka 1536 na 1541, amri yake ilifika Kerry ikiwa imechoka. MacCarthy Mór ndiye aliyekuwa na nguvu huko, si mfalme wa London, na ndugu wakabaki. Chini ya Elizabeth I walisumbuliwa na kutawanywa, wakarudi mwanzoni mwa karne ya 17 na kukarabati. Kilichowamaliza ni majeshi ya Cromwell kutoka Uingereza. Katika kiangazi cha mwaka 1652 jenerali Edmund Ludlow aliizingira ngome ya Ross, mojawapo ya ngome za mwisho kushikiliwa na Waayalandi katika jimbo la Munster. Alileta mashua zilizoundwa kwa vipande na kuzishusha ziwani. Palikuwa na utabiri wa wenyeji kwamba ngome hiyo haitaanguka mpaka siku meli zitakapoelea Lough Leane. Waliokuwa ndani walipoziona mashua, walisalimu amri. Muckross ilichomwa, na ndugu hawakuishi humo tena.

Vita hivyo vilibadilisha kabisa orodha ya wenye nchi. Mwaka 1641 Wakatoliki walikuwa na takribani asilimia 59 ya ardhi ya Ayalandi. Mwaka 1688 walibaki na asilimia 22, na kufikia mwaka 1703 walikuwa na asilimia 14 tu. Katika nchi ambayo wengi mno wa watu wake walikuwa Wakatoliki, hiyo ina maana kwamba ndani ya maisha ya mtu mmoja mwenye umri mrefu, watoto wa waliokuwa wamiliki waligeuka kuwa wapangaji kwenye udongo uleule.

Kule Muckross mabadiliko yalikuja polepole, kwa njia ya ndoa. Familia ya Herbert ilitoka Wales katika miaka ya 1650 kuja kusimamia mali za jamaa yao aliyekuwa na ardhi kubwa Kerry. Wakaota mizizi, wakaoana na wakubwa wa hapo, na binti yao mmoja akaolewa na MacCarthy Mór. Mtoto wa ndoa hiyo, Charles, alikuwa wa mwisho wa mstari wake. Alipofariki mwaka 1770 bila mtoto, Muckross ikaangukia ukoo wa mama yake. Hakuna risasi iliyopigwa siku hiyo. Ukoo ulioijenga nyumba ya Wafransisko ulitoka katika daftari la ardhi kwa wosia wa kijana mmoja.

Akina Herbert walijaribu kila namna kuifanya ardhi ilipe, ikiwemo kuchimba madini kwenye rasi. Mmoja wa wataalamu waliokuja kwa kazi hiyo alikuwa Mjerumani Rudolf Erich Raspe, mtunzi wa hadithi za uongo mkubwa za Baron Munchausen. Alifariki hapo mwaka 1794 na kuzikwa katika makaburi ya Killegy, jirani na Muckross, bila alama yoyote. Lakini bidhaa iliyouzika kuliko madini ilikuwa mandhari. Wasafiri wa Kiingereza walianza kumiminika kutazama maziwa, na gofu la Wafransisko likawa sehemu ya burudani yao. Katika maandishi yao wanalalamika sana kuhusu jambo moja: mafuvu na mifupa iliyorundikana kati ya kuta, majeneza mapya yakizikwa juu ya ya zamani, viwavi na miiba kila mahali. Waliona uchafu uliowaharibia picha nzuri. Hawakujiuliza kwa nini watu wenye ardhi pana iliyowazunguka walikuwa wakibanana hivyo kwenye kipande kimoja kidogo.

Waliobanana humo hawakuwa watu wa kawaida peke yao. Machifu wa MacCarthy Mór wamelala kwenye sehemu ya altare. Wamezikwa pia akina O'Donoghue wa mabondeni, na miongoni mwao Séafraidh, chifu aliyekuwa pia mshairi wa karne ya 17. Kisha kuna Aogán Ó Rathaille, ambaye kwangu ndiye mwenyeji mkuu wa mahali hapa. Alizaliwa karibu mwaka 1670, wakati washairi wa Kigaeli walikuwa bado wanakumbuka enzi za kulelewa na machifu: mshairi alipewa ardhi, naye alitunza nasaba na heshima ya ukoo. Ó Rathaille alikulia katika kuporomoka kwa mpango huo. Alishuhudia walinzi wake wakifilisika na akafa maskini mwishoni mwa miaka ya 1720, akiwa ameacha mashairi ambayo nchi inamtokea mshairi kama mwanamke mzuri aliyeachwa peke yake. Akazikwa Muckross, kati ya wale mabwana ambao baba zake walikuwa wakiwaimbia. Sheria ya 1697 ilikuwa ingali ikitumika.

Baada yake mapokeo yanamtaja Eoghan Rua Ó Súilleabháin, kibarua wa mashambani, mwalimu wa vijijini na baharia katika jeshi la majini la Uingereza, aliyefariki mwaka 1784 akiwa na umri wa miaka 30 na kitu. Yeye hakupata chifu wa kumtunza hata siku moja. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu waliokuwa wakichimba viazi. Mkusanyiko wa wafu kama huu, chifu mwenye ngome na kibarua mwenye jembe chini ya kuta zilezile, hauwezi kuelezwa kwa hati yoyote ya ardhi.

Jumba la Muckross tunaloliona leo lilikuwa nyumba ya nne ya akina Herbert hapo. Lilijengwa kati ya mwaka 1839 na 1843 kwa ajili ya Henry Arthur Herbert na mkewe Mary Balfour, mwanamke wa Kiskoti aliyekuwa mchoraji hodari wa rangi za maji. Msanifu wake, William Burn, naye alikuwa Mskoti. Ni jumba la vyumba 65, lenye paa la pembe kali na mabomba ya moshi yaliyosimama kama msitu, likitazama ziwa na kuipa mgongo dunia ya wakulima.

Miaka miwili baada ya mafundi kuondoka, bakajani ilishuka kwenye mashamba ya viazi. Ni ugonjwa uleule wa ukungu ambao wakulima wa viazi mviringo wa Njombe na Nyandarua wanaupigania kwa dawa hadi leo. Kwa familia nyingi za Kerry kiazi kilikuwa chakula cha asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu nafaka na mifugo vilikwenda kulipa kodi ya shamba. Kati ya mwaka 1845 na 1852 Ayalandi ilipoteza takribani watu milioni moja kwa njaa na maradhi, na zaidi ya milioni moja wakapanda meli. Nchi iliyohesabiwa kuwa na watu milioni 8.2 mwaka 1841 ilibaki na milioni 6.5 mwaka 1851. Chakula kiliendelea kusafirishwa nje kwa miaka hiyo yote. Siwezi kuliangalia jumba la mwaka 1843 bila kuiona tarehe hiyo ikisukumana na ya 1845. Fedha iliyojenga zile ngazi na madirisha ilitoka kwenye kodi za watu ambao, muda mfupi baadaye, hawakuwa na kiazi.

Herbert mwenyewe alipanda ngazi za utawala. Aliingia Bungeni London, na mwaka 1857 akawa Katibu Mkuu wa utawala wa Kiingereza nchini Ayalandi. Kisha ikaja habari kwamba Malkia Victoria atafika Killarney. Maandalizi yalichukua miaka: mapazia, mazulia, vioo, vyombo vya fedha, vitambaa vya meza, sare za watumishi. Malkia aliogopa sana moto, kwa hiyo alitayarishiwa vyumba vya chini, vyenye njia ya kutokea upesi. Alifika Agosti 1861 pamoja na mumewe Albert, akalala Muckross usiku mara mbili, akazungushwa ziwani kwa mashua na kuonyeshwa milima. Mahali ambapo wanawake wa msafara wake walisimama kutazama bonde panaitwa hadi leo kwa kumbukumbu yao. Inasimuliwa kwamba familia ilitumaini kuvuna cheo na upendeleo. Lakini tarehe 14 Desemba mwaka huohuo Albert alifariki, Malkia akajifungia katika msiba wake, na Muckross ikasahaulika. Herbert naye akafariki mwaka 1866.

Wasimulizi wengi hupenda kusema kwamba siku mbili za Malkia ndizo zilizowafilisi akina Herbert. Ni hadithi tamu, na madeni ya ziara yalikuwa ya kweli, lakini inaficha jambo kubwa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1870 bei za mazao zilianguka, mavuno yakawa mabaya, na mwaka 1879 Michael Davitt na wenzake wakaanzisha umoja wa wakulima wapangaji kupinga kodi na kufukuzwa mashambani. Kerry ikawa mojawapo ya wilaya zenye vurugu kubwa. Sheria ya mwaka 1881 iliunda mahakama zilizoweza kupunguza kodi. Kabaila aliyekopa akitegemea kodi za miaka ya neema alijikuta na riba isiyopungua juu ya mapato yanayopungua. Waliowaangusha akina Herbert ni wapangaji wao, kwa kukataa, na ninaona ni haki wapewe sifa hiyo kuliko kumwachia Malkia.

Waliowakopesha wakaishika mali, na mwaka 1899 ikanunuliwa na Lodi Ardilaun, wa ile familia ya bia ya Guinness. Mkewe alikuwa na damu ya Herbert kwa upande wa mama, na nia yao ilikuwa kuyaokoa maziwa yasije yakageuzwa biashara. Ardilaun ndiye aliyekuwa ameifungulia umma wa Dublin bustani ya St Stephen's Green mwaka 1880. Baada yake alikuja William Bowers Bourn wa California, mwenye mgodi wa dhahabu wa Empire na kampuni ya maji iliyoihudumia San Francisco. Binti yake wa pekee, Maud, aliolewa mwaka 1910 na mwanasheria wa Kiayalandi, Arthur Rose Vincent. Mwaka uliofuata Bourn aliwapa Muckross yote kuwa zawadi ya harusi.

Maud na Arthur waliipenda. Bustani iliyojengwa juu ya miamba ya asili na ile ya chini iliyopangwa kwa ngazi ni kazi ya miaka yao. Huko California, Bourn mwenyewe alijenga jumba la Filoli, kando ya ziwa lililomkumbusha Killarney. Alipopatwa na kiharusi na kushindwa kusafiri, aliagiza kuta za ukumbi wa dansi zichorwe mandhari ya Muckross. Kaburi lake na la mkewe liko hapo Filoli, chini ya msalaba wa mtindo wa Kiayalandi.

Katika miaka hiyohiyo Ayalandi ilipita kwenye vita vya uhuru na vya wenyewe kwa wenyewe, na karibu majumba 300 ya makabaila yalichomwa kati ya mwaka 1920 na 1923. Huko Kerry jumba la Derreen liliporwa na kuteketezwa mwaka 1922. Muckross lilisalimika. Maud hakuishi muda mrefu baadaye. Nimonia ilimuua mwaka 1929. Mwaka 1932 wazazi wake na mumewe waliitoa Muckross yote, takribani ekari 11,000 za milima, misitu na maji, kwa taifa changa la Ayalandi, kwa kumbukumbu yake. Bunge lilipitisha sheria maalumu ya kuipokea, na hiyo ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza nchini humo. Mwaka huohuo serikali mpya ya Éamon de Valera ilikataa kuendelea kupeleka London malipo ya mikopo ambayo wakulima walikuwa wamenunulia ardhi ya babu zao. Mambo hayo mawili yanastahili kusomwa pamoja: mkono mmoja ukipokea ardhi bure kwa shukrani, mwingine ukikataa kuilipia ile iliyonyang'anywa.

Hifadhi imekua tangu hapo kwa ardhi za jirani, vikiwemo kisiwa cha Innisfallen na ngome ya Ross, na leo inazidi hekta 10,000. Imebeba pia mizigo ya wamiliki wa zamani. Rododendroni, kichaka cha maua ya zambarau ambacho makabaila walikileta kupamba bustani, kimeingia katika misitu ya mialoni na kuweka kivuli kizito hata mche mdogo hauoti. Majani yake ni machungu na yenye sumu, kwa hiyo kulungu hawayali. Kazi ya kukikata na kukiua imechukua miongo na bado. Aprili 2021 moto uliteketeza zaidi ya hekta 2,000. Kuna habari njema vilevile: kulungu wekundu wa asili, waliokuwa wamebaki wachache mno, wameongezeka, na tai wakubwa wa mkia mweupe walioletwa kutoka Norway kuanzia mwaka 2007 wanaonekana tena juu ya maziwa. Wafransisko nao walikuwa wamerudi mapema zaidi, mwaka 1860, wakajenga nyumba mpya mjini Killarney. Mbele yake imesimama tangu mwaka 1940 sanamu ya mwanamke iliyochongwa na Seamus Murphy kuwaenzi washairi wanne wa Kerry, Ó Rathaille akiwa mmoja wao.

Jumba lenyewe lilikaa limefungwa zaidi ya miaka 30 baada ya kutolewa. Serikali haikujua ilifanyie nini. Wakazi wa Killarney ndio waliosukuma mpaka likafunguliwa Juni 1964, na walilifungua kama makumbusho ya maisha ya watu wa Kerry, yenye majembe, mitambo ya kufumia, na vyombo vya maziwa. Mwaka 1993 yakaongezwa mashamba ya mfano, yenye nyumba za mkulima mdogo, wa kati na mkubwa, kama yalivyokuwa kabla umeme haujafika vijijini.

Mabasi ya watalii huwashusha wageni mlangoni pa jumba, na wengi huanzia kitanda cha Malkia. Ningemshauri Mwafrika Mashariki atakayefika huko, na wapo wengi sasa wanaoishi Dublin na Cork, apange safari yake kinyume. Aanzie kwenye gofu, asome majina ya koo kwenye mawe ya makaburi. Aende kwenye nyumba ya mkulima mdogo, apime kwa macho ukubwa wa chumba kimoja walimolala wazazi na watoto. Ndipo aingie kwenye jumba la vyumba 65, akiwa tayari anajua nani alililipia.